Nimelipia Mbps 10, kompyuta yaonyesha 1.2. Naibiwa ama?

MpigaVideo_Amu
Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Amu, Langoni, kazi yangu ni video za harusi. Mwezi uliopita nimewekewa intaneti nyumbani, risiti imeandikwa Mbps 10. Sasa jana nikawa nadaunlodi programu, nikitizama ile namba ya spidi yacheza 1.1, 1.2, 1.2, haipandi ng'o, yaani nalipia kumi napata moja na kitu na pesa yenyewe ni ya kukesha harusini mpaka alfajiri ndo uipate. Nimepiga simu ofisini kwao kijana akanambia iko sawa, akakata. Imeniuma wallahi. Nifanyeje nirudishiwe pesa zangu?

Mwana_Shela
Waaleikum salaam. Unaibiwa wazi wazi. Mimi nimelipia 20 naona 2.5 na haijawahi kuvuka hapo. Jumatatu twende pamoja.

Mwalimu_Malindi
Ngojeni ndugu zangu, msiende kugombana bado. Rudi utizame hiyo 1.2 imefuatiwa na herufi gani. Nna hakika ni MB/s, megabaiti kwa sekunde, B kubwa. Risiti yako ni Mbps, megabiti kwa sekunde, b ndogo. Si kitu kimoja hata kidogo. b ndogo ni biti, yaani alama moja tu ya 0 au 1, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8.

Mnakumbuka kina nyanya wakipima mchele kwa kibaba na pishi? Vibaba vinne ndio pishi moja. Mtu akikuuzia vibaba 40 nawe ukafika nyumbani ukapima kwa pishi utapata 10, na hajakuibia hata punje, ni kipimo kimebadilika. Hapa ni vile vile, ila badala ya nne ni nane. Basi 1.2 mara 8 ni 9.6. Umelipia 10, unapata 9.6, na hiyo 0.4 wala si wizi kwa sababu data hutumwa vipande vipande, kipande cha kawaida ni baiti 1500 na kama 40 hivi kati ya hizo ni anwani tu, inatoka wapi inaenda wapi, kama bahasha ya barua, na hiyo bahasha kompyuta haikuhesabii kwenye faili lako. Na wewe wa Shela, 2.5 mara 8 ni 20 kamili, sasa Jumatatu waenda kudai nini?

Mwana_Shela
Ahsante mwalimu, sikuwa najua kabisa. Lakini kwa nini wasitumie kipimo kimoja watu tukaelewa? Naona kama wanatumia biti ili namba ionekane kubwa.

Mwalimu_Malindi
Namba kubwa inawafaa kwenye matangazo, hilo kweli, na mimi naona wangeandika zote mbili kwenye risiti. Lakini hawakuibuni wao. Waya unapitisha biti moja baada ya nyingine, kwa hivyo watu wa mawasiliano tangu zamani wamehesabu biti kwa sekunde. Watu wa kompyuta nao wanahesabu kinachohifadhiwa, na herufi moja ya kawaida inakaa kwenye baiti moja. Neno SALAMA ni herufi 6, baiti 6, biti 48. Neno biti lilichapishwa 1948 na Claude Shannon wa Marekani, baiti likaja 1956 kutoka kwa Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM. Maneno mawili, watu wawili, kazi mbili.

MpigaVideo_Amu
Mwalimu Mungu akuzidishie, nimetizama na kweli ni MB/s. Kwa hivyo mchana niko sawa. Sasa mbona usiku kuanzia saa mbili yashuka mpaka 300 KB/s? Na nna video ya GB 6 ya kumtumia bwana harusi, yuko Muscat.

Fundi_Mkomani
300 KB/s mara 8 ni kilobiti 2400, yaani Mbps 2.4. Hapo ndo una neno la kusema ndugu yangu, hiyo si ya biti na baiti, hiyo ni robo ya ulicholipia. Ila kabla hujaenda pima kwa waya, chomeka laptopu kwenye rauta moja kwa moja. Nyumba zetu za kale kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene mno, waifai ikivuka kuta mbili imeshachoka, nimeona wateja wangu wengi wanalaumu kampuni na tatizo ni rauta imewekwa daka wao wako juu.

Hiyo GB 6 piga hivi: 6 mara 8 ni gigabiti 48, yaani megabiti 48,000. Gawa kwa 10 ni sekunde 4,800, saa moja na dakika 20. Lakini kuaplodi si kudaunlodi, vifurushi vingi spidi ya kupandisha huwa ni ndogo, uliza yako ni ngapi. Ikiwa ni 5 basi ni saa mbili na dakika 40. Pandisha alfajiri.

Mama_Mokowe
Samahanini kuingilia, flashi yangu ni GB 64 lakini kompyuta yasema 59.6, nayo ni mambo ya biti?

Mwalimu_Malindi
Hapana mama, hiyo ni baiti kwa baiti. Kiwandani wanahesabu kwa 1000, yaani KB ni baiti 1000, MB ni KB 1000, GB ni MB 1000, Windows yahesabu kwa 1024 kila hatua. Flashi yako ni nzima.

MpigaVideo_Amu
Nimepima jana na juzi kwa waya, saa tatu usiku: 310 KB/s, 290 KB/s. Mchana 1.2 MB/s. Nimeandika zote kwa Mbps pembeni, na picha za skrini nimepiga. Nitapima mpaka Jumapili, Jumatatu naenda ofisini na daftari langu.

Mwana_Shela
Nitakusindikiza.