Ted alikuwa anasimulia, au alikuwa anawapanga watoto wake?

MTOA MADA, Dodoma Makulu
Wadau, ubishi huu umetushinda pale kijiweni karibu na Nyerere Square, nauleta hapa. How I Met Your Mother ilirushwa na CBS ya Marekani kuanzia 2005 hadi 2014, misimu 9. Kwa ambaye hajaiona: mwaka 2030 Ted Mosby amewakalisha watoto wake wawili kwenye kochi, anawasimulia alivyokutana na mama yao. Mama mwenyewe, Tracy, sura yake tunaiona mwisho wa msimu wa 8. Miaka yote hiyo mzee anamzungumzia Robin, mwanamke ambaye Ted mwenyewe alimpenda, kisha akaolewa na rafiki yake Barney.

Msimamo wangu: Barney tunayemjua ni Barney wa Ted. Uongo wake wote kwa wanawake tumeusikia kwa mdomo wa mtu aliyemtaka mwanamke yuleyule. Na mdomo huo tunaujua. Bangi ya chuoni anaiita sandwichi ili watoto wasishtuke. Kisa cha mbuzi aliyejifungia bafuni akitafuna kitambaa cha Robin anakiweka siku alipotimiza miaka 30, halafu anajirekebisha katikati: hapana, ilikuwa 31, maana alipotimiza 30 Robin alikuwa hajahamia kwake. Kukosea mwaka ni kusahau, nakubali. Ila bangi kuwa sandwichi, hapo mtu amechagua.

Sasa angalieni mizani. Karibu msimu wote wa 9 ni wikiendi moja ya harusi ya Barney na Robin. Talaka yao, baada ya miaka mitatu, inapita dakika chache tu. Tracy anafariki 2024, na Ted hasemi mengi. Mwisho watoto wanamwambia: nenda kwa shangazi Robin. Alikuwa anatafuta ruhusa hiyo tangu mwanzo, ndiyo maana hadithi ilianza na Robin.

MCHANGIAJI, Kisasa
Kaka, unampa Ted akili za waandishi. Carter Bays na Craig Thomas walirekodi kile kipande cha mwisho cha watoto mapema, wakati wa msimu wa 2, kwa sababu wale waigizaji wangekua. Baadaye Barney na Robin wakanoga kuliko walivyotarajia, wao wakang'ang'ania mwisho wa zamani. Talaka ya chapuchapu ni uandishi mbovu, basi. Kwenye DVD za 2014 waliweka hata mwisho mwingine, Ted anabaki na Tracy wake. Na kama Ted anamchafua Barney, mbona anatuonyesha ile posa ya juu ya ghorofa, Barney alipomposa Robin? Tena Ted mwenyewe ndiye aliyemfikisha Robin pale.

MTOA MADA
Dada, kipande cha mapema kinanisaidia mimi. Jibu la watoto lilikuwa tayari kibindoni, kila kilichofuata kilijengwa kulifikia. Na hiyo posa, itazame vizuri: Barney anapata mke, lakini anayetoka na sifa ni nani? Ted, rafiki aliyejinyima. Msimuliaji hata akishindwa anajipa nafasi nzuri.

MCHANGIAJI, Kongwa
Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, niliitazama na binti yangu alipokuwa likizo. Mgane wa miaka sita kuulizia mke sioni kosa. Huku kwetu wazee wangekuwa wameshamwita wakamkalisha. Kinachoniuma ni Tracy. Wote wawili mnabishana kuhusu Barney kana kwamba yule mama hakuwepo.

Tracy alifiwa na mpenzi wake, Max, siku ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka 21. Akakaa miaka akiamini bahati yake imeisha. Kuna usiku anatoka nje peke yake, anamwomba Max ruhusa ya kuendelea na maisha, upepo unavuma, anaaga. Ted hakuwepo pale, walikuwa hawajafahamiana. Amelijuaje? Ni Tracy aliyemwambia, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo mtoa mada, sehemu ile usiniwekee kwenye kapu moja na sandwichi. Ile ni kauli ya marehemu mwenyewe, na ndani yake aliyebaki anaruhusiwa kupenda tena. Nijibu hilo kwanza, ndipo turudi kwa Barney.