Wenye mashine za kuprinti na madizaina: mtaacha lini kukataa picha kwa sababu ya "72 DPI" (nukta 72 kwa kila inchi)?

Wakuu, kero hii imevuka mpaka. Mtu analeta faili safi lililotoka kwenye kamera moja kwa moja, pikseli (vinukta vya rangi vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, anataka A4. Kijana wa kaunta anafungua Photoshop, anaona 72 pale kwenye Image Size, anatikisa kichwa: "Rezolusheni ndogo hii, lete ya 300." Alete ipi tena?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. A4 ni inchi 11.69 kwa 8.27. Gawanya 4000 kwa 11.69, unapata pikseli 342 kwa kila inchi. Gawanya 3000 kwa 8.27, unapata karibu 363. Yaani faili mlilolikataa linazidi hiyo 300 mnayoililia! Ile 72 ni namba tu iliyoandikwa ndani ya faili, inayoiambia programu picha itandazwe kwa ukubwa gani. Kwa 72, picha hii ingetoka na upana wa sentimita 141. Ukiandika 300, upana unashuka hadi sentimita 34. Pikseli ni milioni 12 zilezile, hakuna hata moja iliyoongezeka. Ni sawa na kubandika bei mpya kwenye gunia la mchele, kilo hazibadiliki.

Na kwa ukaguzi huohuo, uchafu unapita. Logo ya pikseli 600 kwa 600 iliyoandikwa 300 DPI mnaipokea kwa mikono miwili, halafu mnaitandaza sentimita 60 kwenye bango. Hapo inabaki na pikseli 25 tu kwa inchi, kingo zinatoka ngazi ngazi, lawama anabeba mpiga picha.

Sasa njooni kwenye dhambi kubwa. Dizaina akiambiwa "lete 300", anafungua Image Size, anafuta 72, anaandika 300, anabofya OK huku kisanduku cha Resample, kinachoiruhusu programu kubadilisha idadi ya pikseli, kina tiki. Picha ya 800 kwa 600 inageuka 3333 kwa 2500. Pikseli laki nne na themanini elfu zimekuwa zaidi ya milioni nane! Katika kila pikseli 17, moja ndiyo ya kamera; zilizobaki programu imezikisia kwa kuangalia majirani zake. Faili linakuwa zito, kope na nywele zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Ondoeni ile tiki KWANZA, ndipo muandike 300. Upana na urefu vitajibadilisha vyenyewe, na hapo mtaona ukweli: picha hiyo inatosha inchi 2.67 kwa 2, basi.

Wauza simu nao wasicheke. "Megapikseli 108", yaani pikseli milioni 108, imekuwa wimbo. Simu nyingi za namna hiyo, ukipiga kawaida, huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya milioni 12. Ukilazimisha zote 108, kila pikseli kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ina upana wa takriban mikroni 0.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati lenzi yenye tundu la mwanga la f/1.8, hata ingekuwa haina kasoro yoyote, inatandaza nukta moja ya mwanga wa kijani hadi mikroni 2.4 hivi. Nukta moja inamwagikia pikseli tatu kwa upana. Idadi ipo, lakini undani hauongezeki kwa kiwango hicho. Kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24) ya milioni 24 ina pikseli za mikroni 6, kila moja inakusanya mwanga mwingi zaidi, ndiyo maana jioni inaiaibisha simu yenye namba kubwa kuliko yake. Na ili undani uongezeke mara mbili kwa upana na kwa urefu unahitaji pikseli mara nne: kutoka milioni 12 ni 48, si 24.

Halafu si kila kazi ni 300. Hiyo ni ya kitu kinachoshikwa mkononi, kiasi cha sentimita 30 kutoka machoni. Mtu akisimama mita moja, 90 inatosha. Rolapu (bango la kusimamisha linalokunjwa) ya sentimita 85 kwa 200 ikiwa na pikseli 100 kwa inchi, yaani takriban 3350 kwa 7870, haina tatizo lolote. Mnaodai 300 kwenye bango la barabarani, hata sijui mnamchapia nani.

NYONGEZA: kuna mdau anauliza mbona picha ya simu nzuri ikifika kaunta inavunjika. Mkuu, umeituma kama picha WhatsApp, nayo kwa kawaida imeipunguza hadi karibu 1600 upande mrefu. Bonyeza alama ya kiambatisho, chagua Document, tuma faili lenyewe. Anayepokea kwenye Windows abofye kulia, aingie Properties, kisha Details, asome Dimensions. Mstari wa dpi auruke. Akikuta 1600 kwa 1200, A4 itapata pikseli 137 tu kwa inchi, hivyo aombe faili upya kabla hajaweka karatasi.