Semina ya wanafunzi 64, wiki 8: nawatoaje kwenye kusoma slaidi?

Mkufunzi_Msaidizi
Habari za humu wakuu. Nina semina ya mwaka wa tatu, wanafunzi 64, saa mbili kwa wiki, na zimebaki wiki 8. Utaratibu niliourithi ni huu: kundi la watu wanane linapewa mada, yule mwenye Kiingereza chepesi anasimama, anaipa hadhira mgongo na kusoma slaidi neno kwa neno, wenzake saba wamejipanga ukutani kama walinzi. Nataka kila mmoja amalize muhula akiweza kuongea dakika tano bila kusoma. Nianzie wapi?

Kibwagizo
Anza na hesabu, mwalimu. Kinachowakwamisha zaidi ni uchache wa zamu. Anayesimama mara moja kwa muhula hazoei, hata umfundishe mbinu kumi.

Wiki nne za kwanza zima projekta. Gawa darasa maduara 8 ya watu 8. Kila mtu anasimama ndani ya duara lake, dakika 2 za kuongea na 1 ya kupewa maoni. Ndani ya dakika 24 darasa zima limeongea. Kelele zitakuwa za sokoni, ziache: zinamlazimisha mtu apaze sauti, na mwenye aibu anajificha humo.

Wiki ya 1, aeleze dhana moja ya kozi kama anamweleza mdogo wake wa kidato cha pili. Ya 2, aeleze mchoro alioushika kwenye karatasi bila kuukodolea macho. Ya 3, mwenzake amkatize kwa swali katikati. Ya 4, slaidi moja, nayo iwe kwenye karatasi, kwa dakika 3, kama lile shindano la tasnifu lililoanzia University of Queensland, Australia, mwaka 2008.

Wiki ya 5 hadi ya 8, watu 16 kwa siku mbele ya wote. Dakika 5 za kuongea na 2 za maswali, mara 16, ni 112. Zimebaki 8 za kupokezana, yaani nusu dakika kwa mtu. Kwa hiyo mafaili yote yawe kwenye laptop moja tangu jana yake, yamepewa namba kwa zamu. Ukianza kuchomeka flashi moja moja, siku hiyo watu watatu hawatafikiwa.

Kadi za muda: kijani dakika ya 3, njano ya 4, nyekundu ya 5. Klabu za Toastmasters, zile za kujifunza kuongea hadharani, hutumia rangi hizo hizo. Mshika kadi akae mstari wa nyuma kabisa, ndipo macho ya msemaji yatakapolazimika kufika huko.

Na wasikariri hotuba nzima. Kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, dakika tano ni maneno 600 tu. Anayekuja na kurasa nne atakimbia kama anafukuzwa. Tena aliyekariri yote akipotelewa na neno moja hana pa kuingilia, anarudi mwanzo. Akariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati awe na kadi ya ukubwa wa kiganja yenye maneno matano.

Mwana_Isimu
Kibwagizo kasahau lugha. Wengi wao walisoma msingi kwa Kiswahili, na chuoni wanatakiwa kuongea Kiingereza. Duara la kwanza waongee Kiswahili, kisha mada ile ile kwa Kiingereza. Hapo utapata kipimo cha bure: anayekwama lugha zote mbili hajaielewa mada, mrudishe kwenye kitabu. Anayekwama Kiingereza tu hakosi hoja, anakosa vivuko vya kutoka hoja moja kwenda nyingine. Mpe sentensi nane hivi za kuvukia (kutangaza hoja inayofuata, kurejea mchoro, kuomba swali lirudiwe) azizoee mpaka zitoke bila kufikiri.

Fundi_wa_Ukumbi
Upande wa mitambo, kwa kifupi:
Ukubwa wa herufi usipungue 28. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili: "Mavuno yalishuka shamba lisilomwagiliwa", badala ya "Matokeo". Aliyeandika sentensi hiyo ana la kusema, aliyeandika "Matokeo" atasoma jedwali.
Kopi ya PDF iwepo, fonti huhama kwenye mashine ya mwingine. Adapta ya HDMI kwenda VGA pia, projekta za zamani bado zipo.
PowerPoint ikiwa kwenye onyesho, bonyeza B: skrini inakuwa nyeusi na macho yote yanamrudia msemaji.
Umeme ukikatika, aendelee kuongea.

Mkufunzi_Msaidizi
Asanteni sana. Mawili zaidi: nipige kengele kila mtu akisema "aaa"? Na wapo wawili wamegoma kabisa kusimama, mmoja ana kigugumizi.

Kibwagizo
Kengele inasaidia, inamzindua mtu.

Mwana_Isimu
Hapana mkuu, kengele ni ya waliokwisha kuzoea jukwaa. Kwa mgeni, inamfanya asikilize kengele badala ya hoja yake. Ahesabu mwenzake kimya kimya, ampe idadi mwishoni. Na afundishwe kufumba mdomo sekunde mbili pale "aaa" inapotaka kutoka.

Maoni nayo, piga marufuku "umefanya vizuri". Msikilizaji ataje kitu kimoja cha kubaki nacho na kimoja cha kubadili, na kilitokea wapi: "ulipofika kwenye mchoro, sauti ilizama".

Waliogoma: wiki ya kwanza mtu ajirekodi kwa simu dakika moja, ajisikilize mwenyewe. Ya pili aongee mbele ya rafiki mmoja, ya tatu mbele ya watatu, kisha aingie duarani. Wiki hizo nne usitoe alama kwa yeyote. Mwenye kigugumizi muulize faraghani anataka iweje. Mwondolee kadi za muda, na waambie wenzake wasimmalizie neno.