Mjadala: Halmashauri itenge fungu la elimu kwa watoto wa makao, au tuendelee kuwaachia wafadhili?

Mwalimu wa Kata: Wakuu, habari za jioni. Kila msimu wa kidato cha tano naliona jambo hili. Mtoto aliyelelewa kwenye makao ya watoto anachaguliwa shule ya bweni, mkoa wa mbali. Ada haipo, ilifutwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini fomu ya kujiunga inataka godoro, shuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi na sare jozi mbili, na nauli juu yake. Mama mlezi anaisoma mpaka chini, kisha anaanza kuwapigia simu wafadhili. Mwaka wakiwa wamebanwa, mtoto anaripoti wenzake wameshafika mbali, kama ataripoti.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Haikumtaja mzungu mwenye huruma. Na tusiambiwe fedha hakuna: asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa usimamizi mbovu, kabla ya kurejeshwa, na nchi haikuanguka. Halmashauri inayokusanya bilioni 3 kwa mwaka ikitenga asilimia 1 tu, hiyo ni milioni 30. Magodoro mangapi hayo?

Bi Chausiku: Mwalimu, nipo idara ya ustawi wa jamii, na fungu lako linanitia hofu. Watoto wengi tunaowakuta kwenye makao si kwamba hawana watu. Wana bibi, wana shangazi, wengine wana mama kabisa. Wamepelekwa pale ili wasome. Bibi mmoja alinijia ofisini na mjukuu, begi tayari limefungwa, akaniambia, "Mwanangu, huko wanapandishwa basi la shule, mimi hata daftari linanishinda." Sasa tangaza kwamba mtoto wa makao analipiwa na halmashauri na huyu wa bibi halipiwi. Foleni itafika barabarani. Malengo ya serikali ni watoto walelewe kwenye familia zao, au kwa familia nyingine za kuaminika, makao yawe hatua ya mwisho. Fedha hizo mpe bibi.

Kibajaji: Milioni 30 hizo zitaishia kwenye semina ya kujadili namna ya kuzitumia. Nipo nasoma tu.

Mdau wa Leicester: Nawasalimu kutoka Uingereza, nalea nyumbani kwangu watoto waliochukuliwa na halmashauri. Tangu 2014 sheria ya hapa inailazimisha kila halmashauri kuwa na ofisa anayefuatilia masomo ya watoto walio mikononi mwa halmashauri hiyo. Kila mtoto ana mpango wake wa elimu, na unapitiwa kila muhula: mwalimu, afisa ustawi, mlezi na mtoto mwenyewe. Kuna fedha kwa kila kichwa, zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka, na zinapitia kwa ofisa huyo, mimi mlezi sizigusi. Pamoja na yote, matokeo yao wakifika miaka 16 bado yako chini sana ya wenzao. Mtoto anayehamishwa nyumba na shule kila mara, hela haimtulizi. Mkipata mtu mmoja wa kumfuatilia mtoto kwa jina, mmepiga hatua kuliko fungu.

Mwalimu wa Kata: Bi Chausiku, hoja ya bibi naikubali, fungu limfuate mtoto hata akirudi kwao. Lakini yupo mwingine unamruka: aliyeokotwa. Hana bibi. Akitimiza miaka 18, kisheria si mtoto tena, na mara nyingi hapo ndipo yuko kidato cha nne au cha tano. Akienda kuomba mkopo wa chuo, uyatima unathibitishwa kwa vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Vya nani, wakati hata majina ya wazazi hayajulikani? Huyu anahitaji ofisi inayosema "ni wetu" mpaka amalize chuo. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo inahesabu kaya, na makao si kaya. Nasema tena: wajibu huu ni wa halmashauri.

Bi Chausiku: Halmashauri ipi? Makao yamejazana Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Mtoto katoka Geita, analala Arusha. Kifungu chako kinasema "katika eneo lake", maana yake Arusha ibebe watoto wa nchi nzima.

Mdau wa Leicester: Huku, halmashauri iliyomchukua mtoto ndiyo inayoendelea kulipa, hata akipelekwa kukaa mji mwingine.

Bi Chausiku: Ndiyo, kwa sababu huko halmashauri ndiyo iliyomchukua na kumbukumbu zipo. Wa kwetu wengi waliletwa na mjomba kwa basi la usiku, bila amri ya mahakama wala barua ya afisa ustawi wa alikotoka. Geita hawajui kama wana mtoto Arusha. Kabla ya kugawa hata shilingi, lazima mtu akae na kila faili aandike mtoto huyu katoka wilaya gani. Ofisini kwetu tuko wawili, na kata zetu mnazijua zilivyo nyingi.

Kibajaji: Basi milioni 30 zianzie kwenye hayo mafaili. Hapo hata mimi nachangia.