Mrejesho: Starlet yenye bloku ya Raum inatembea

Wakuu, niliuliza kama hedi (kichwa cha injini) ya Toyota Starlet yangu (injini ya 4E-FE) inaweza kukaa juu ya bloku (sehemu ya chini yenye silinda) ya Toyota Raum (injini ya 5E-FE), maana bloku yangu ilipasuka baada ya gari kuchemsha. Inakaa, na gari linatembea. Asanteni sana mlionijibu.

Injini zote mbili zina silinda za kipenyo cha milimita 74. Tofauti ni urefu wa mwendo wa pistoni, juu hadi chini: milimita 77.4 kwa 4E, 87 kwa 5E, ndiyo maana cc zinatoka 1331 hadi 1497. Hapo ndipo pa kuogopa. Pistoni ikibana hewa nyingi zaidi ndani ya chumba kilekile cha kuchomea mafuta kwenye hedi, mgandamizo unapanda, na ukizidi injini inagonga. Fundi wa Gerezani, Dar, alipima ujazo wa kila chumba cha hedi kwa bomba la sindano kabla hajakubali kufunga. Nilikasirika kusubiri siku mbili. Sasa namshukuru kwa moyo wote.

Bloku niliipata Shaurimoyo, ringi za pistoni zimekwisha. Ringi, beringi, gasketi, bolti za hedi na mkanda wa tayimingi nikanunua vipya. Vitu hivyo msichukue vya mtumba, tafadhali.

Nimeshatembea kilomita 2,100, pamoja na foleni za Kimara jioni. Geji ya joto imetulia, oili haipungui. Sailensa tu (injini ikiunguruma gari limesimama) bado inatetema kidogo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ni ile ya 4E, na fundi anaishuku; Jumamosi tunajaribu ya Raum.