Kozi ya ushonaji mtandaoni: nianze na nini, video ziweje, bei nipange vipi?

MamaCherehani:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kukata na kushona nguo za kike, wanafunzi sita kwa awamu, miezi mitatu. Wanaoulizia kutoka Tabora, Mombasa na hata Muscat ni wengi, na hawawezi kuja. Nataka kuwauzia kozi mtandaoni. Mpango wangu ni kozi moja yenye kila kitu, kuanzia kutunga uzi kwenye cherehani mpaka suti ya kike, video 60, shilingi 150,000, ndani ya kundi la WhatsApp. Nina simu yenye kamera nzuri, stendi na taa ya duara. Naomba wenye ujuzi wanikosoe kabla sijaanza kurekodi.

FutiKamba:
Dada, video 60 ziweke kando kwanza. Mwanafunzi wa mtandaoni hana fundi wa kumshika mkono, kwa hiyo anatakiwa aione nguo yake imekamilika mapema, la sivyo anaacha njiani. Uza nguo moja kwa kozi moja. Mimi ningeanza na sketi ya solo, yaani ya duara: haina mkono, haina kola, haina dati (mikunjo ya kubanisha nguo mwilini), na makosa yake yanajulikana, hivyo unaweza kuyafundisha kabla hayajatokea.

Siku 14, masomo manane au tisa, kila video dakika 6 hadi 8. Kupima, hesabu, peteni ya karatasi (kielelezo cha kukatia), kukata kitambaa cha majaribio (merikani au shuka kuukuu), kukata kitambaa chenyewe, zipu, mkanda, pindo. Mengine yatapita haraka, ila somo la hesabu lifundishe taratibu sana, maana hapo ndipo sketi nyingi zinapoharibikia.

Chukua kiuno cha inchi 30. Gawa kwa 6.28 (yaani pai, 3.14, mara mbili), unapata kama 4¾. Hiyo ni nusu kipenyo ya mstari wa KUSHONEA. Mwanafunzi huchora hapo na kukata hapohapo. Akija kushona anaingia nusu inchi ndani, mstari wa kushonea unahamia 5¼, na 5¼ mara 6.28 ni inchi 33. Sketi imezidi kiuno kwa inchi 3 nzima, naye anarudia kupima kiuno akidhani alikosea kushika futi kamba. Mkato wa kiuno ufanyike kwenye 4¼. Mwoneshe kwa kuchora mistari miwili kwa chaki za rangi mbili, mmoja wa kukata, mwingine wa kushonea.

Kosa la pili ni kiuno kulegea hata kama hesabu ilikuwa sawa. Duara likikatwa, sehemu za mshazari huvutika zinaposhikwashikwa. Mara tu baada ya kukata, kabla hata ya kukiinua kitambaa kukipima mwilini, apitishe mshono mmoja kuzunguka kiuno, ndani kidogo ya ile nusu inchi. Na pindo lisipindwe siku hiyohiyo. Sketi itundikwe usiku mzima, sehemu za mshazari zishuke, ndipo asawazishe na kupinda. Asiposubiri, wiki ya pili sketi inaning'inia pembeni na mteja wake anairudisha.

Halafu waambie kiasi cha kitambaa KABLA hawajaenda dukani. Kwa kiuno hicho na urefu wa inchi 24, pamoja na inchi 1 ya pindo, nusu kipenyo ya nje ni 29¾, yaani duara zima lina upana wa 59½. Kitenge cha inchi 45 hakiwezi kutoa duara kwa mkato mmoja. Atakata nusu mbili, na yadi 3 na nusu zitamtosha. Asipoambiwa hilo atanunua yadi mbili, atakwama somo la tano na hutamsikia tena.

KameraMezani:
Hapo kwenye nguo moja FutiKamba amemaliza. Mimi nigusie picha na sauti.

Taa ya duara iache kwa video za uso. Kwenye ushonaji inamulika kutoka mbele, mshono unakuwa bapa na bamba la chuma la cherehani linang'aa mpaka sindano haionekani. Weka taa ubavuni, chini kidogo, ili uzi utupe kivuli chake kwenye kitambaa. Dirisha la upande wa kushoto asubuhi linafanya kazi hiyo bure.

Kitambaa cha kufundishia kiwe cheupe au cha rangi ya maziwa, uzi mwekundu. Kitenge chenye maua mengi kinapendeza kwenye tangazo lakini kwenye somo kinameza mshono wote.

Simu ikae juu ya meza ikitazama chini moja kwa moja, upande uleule unaokaa wewe. Ukirekodi kutoka mbele yako, mkono wako wa kulia unaonekana kushoto na namba za futi kamba ziko juu chini, na mwanafunzi anaanza kukata upande usiofaa. Kamera ya mbele ya simu usiitumie kabisa, nyingine hugeuza picha kama kioo.

Kabla ya kurekodi, bonyeza kidole kwenye kioo juu ya kitambaa na ushikilie mpaka simu ifunge umakini na mwanga. Usipofunga, kila mkono ukipita picha inatia ukungu. Ukiona mistari ya giza inatembea kwenye picha, ni taa za umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mipangilio ya kamera weka kasi ya shata (shutter) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Sauti: cherehani inafunika maneno. Rekodi mikono kwanza, kisha soma maelezo baadaye kwenye chumba chenye nguo na mapazia, maikrofoni ya kubana kwenye nguo iwe kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Acha sauti ya cherehani kwa sekunde chache pale tu inapofundisha kitu, kwa mfano mlio wa bobini iliyovaa uzi vibaya. Hiyo mwanafunzi anatakiwa aijue kwa masikio.

Na bando. Simu ikirekodi kwa ubora wa 1080 inaweza kula MB 130 kwa dakika, yaani somo la dakika 8 linafika karibu GB 1. Hakuna mwanafunzi wa kawaida atakayelipakua. Ipitishe kwenye HandBrake, ni programu ya bure ya kompyuta ya kupunguza ukubwa wa video, shusha hadi 720 na kasi ya megabiti 1 kwa sekunde. Somo linabaki kama MB 60, na masomo tisa hayafiki MB 600. Mshono bado utaonekana vizuri, kwa sababu meza imetulia na kinachotembea ni mikono tu.

MamaCherehani:
Nashukuruni sana, hesabu ya 4¼ nimeiandika ukutani. Sasa bei je? Na nibaki WhatsApp au niende Telegram? Naogopa video kusambazwa.

DaftariLaHesabu:
Dada, bei usiipange kwa idadi ya video. Video za kukata sketi zimejaa YouTube bure. Kitu ambacho YouTube haina ni mtu wa kumwambia mwanafunzi "kiuno chako kimevutika, fumua hapa". Unauza masahihisho, na masahihisho yanakula saa zako.

Piga hesabu hivi. Wanafunzi 25, kila mmoja anatuma kazi tatu, kila kazi dakika 10 kuitazama na kujibu kwa sauti. Ni dakika 750, saa 12 na nusu ndani ya wiki mbili. Unaweza. Wakiwa 80 ni saa 40, na hapo utaanza kujibu "hongera, safi" kwa kila picha, jambo ambalo ni kumwibia aliyelipa. Kwa hiyo funga mlango kwenye 25. Kwa shilingi 35,000 unapata 875,000 kwa awamu. Unaweza kupokea 20,000 mwanzo na 15,000 kabla ya somo la zipu. Awamu ikijaa kabla ya siku ya kufunga, pandisha bei ya awamu inayofuata, wanafunzi usiwaongeze.

Kazi tatu zenyewe zidai picha maalumu: peteni imelazwa mezani na futi kamba juu yake ikionesha kipimo chake cha kukata kiuno (4¼ kwa kiuno cha inchi 30), kiuno upande wa ndani baada ya ule mshono wa kwanza, na sketi iliyotundikwa kabla ya pindo. Simu isimame sawa na kiuno cha sketi. Ikipigwa kutoka juu, pindo linaonekana limepinda hata kama liko sawa, na utamsahihisha kosa ambalo hana.

Hakuna sababu ya kudai picha ya mtu amevaa. Wanafunzi wengi ni wanawake wanaojisitiri, na vipimo vya mwili wa mtu si vya kutupwa kwenye kundi. Apokee masahihisho faragha, kundini uweke picha ya nguo tu, tena kwa ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, heshima ya mwanafunzi inadai hivyo.

Malipo: tumia lipa namba, na usimwingize mtu kwa picha ya ujumbe wa muamala. Ujumbe hughushiwa. Fungua akaunti yako uone pesa imeingia na jina linafanana. Wa Muscat anaweza kulipiwa na ndugu aliye nyumbani.

KameraMezani:
Masomo yaweke kwenye chaneli ya Telegram, maswali yabaki WhatsApp. Kwenye chaneli masomo yanakaa kwa mpangilio na anayelipa akichelewa anayakuta yote, wakati kwenye kundi la WhatsApp somo la tatu linazikwa na salamu za asubuhi. Washa kizuizi cha kuhifadhi na kusambaza, na kiungo cha kujiunga kiwe cha kuomba ruhusa. Atakayerekodi kwa simu nyingine bado ataweza, ila aliyeiba video hana wa kumsahihishia sketi. Ukilazimika kutuma video WhatsApp, itume kama faili, ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na mshono unapotea. Nyimbo za wasanii usiweke kabisa, hata kwa chini.

FutiKamba:
Naongeza moja la peteni, maana nyingi hutumwa kama faili la kuchapisha. Steshenari nyingi mashine imewekwa kupunguza ukurasa ili uingie kwenye A4, na peteni inatoka ndogo bila mtu kujua. Chora kwenye ukurasa wa kwanza mraba wa inchi 2 kwa 2, na uandike juu yake kwa herufi kubwa: CHAPISHA KWA ASILIMIA 100, PIMA MRABA HUU KABLA YA KUKATA. Mwanafunzi apime kwa rula ngumu, kwa sababu futi kamba ya kitambaa iliyotumika muda mrefu huvutika. Picha ya mraba huo pamoja na rula iwe ndiyo kazi yake ya siku ya kwanza, na asiyeituma usimfungulie somo la kukata.