Naombeni ushauri: alama za mashindano ya mazoezi zinahesabiwaje?

NetiboliNtinda
Habari zenu, kaka na dada. Niko Kampala, upande wa Ntinda. Nimecheza netiboli miaka mingi, na tangu niache nimehamia kwenye mazoezi ya mtindo wa CrossFit: nondo, kujivuta kwenye bomba, kukimbia, kuruka boksi, vyote ndani ya zoezi moja. Mwezi ujao naingia mashindano kwa mara ya kwanza, kundi la wanawake, mazoezi manne kwa siku moja.

Kinachonisumbua ni hesabu. Mashindano yaliyopita nilikwenda kumshangilia rafiki yangu. Aliongoza zoezi la kwanza na la pili, tena kwa mbali. Mwishoni akatangazwa wa tatu, na aliyechukua ubingwa hakuongoza zoezi hata moja. Matokeo yalibandikwa ukutani, nikayapiga picha. Rafiki yangu: 1, 1, 9, 8. Bingwa: 3, 2, 2, 4. Wa pili: 2, 4, 5, 3. Watu waliondoka wakinung'unika kwamba kuna upendeleo. Mimi nataka kuelewa kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Halafu, kwa muda uliobaki, ninoe pale nilipo na nguvu, yaani kunyanyua, au nihangaike na kujivuta na mbio ambako niko chini?

KochaJinja
Dada, karibu sana kwenye mchezo. Upendeleo haukuwepo. Jumlisha mwenyewe: bingwa 11, wa pili 14, rafiki yako 19. Nafasi unayoshika katika kila zoezi ndiyo alama yako, na mwenye jumla ndogo anashinda. Hata Open ya CrossFit, ile ya mtandaoni iliyoanza 2011, huwapanga watu wa dunia nzima kwa njia hiyo.

Kwetu Uganda hesabu hii si ngeni. Waliokuwepo Kololo kwenye mbio za nyika za dunia, Machi 2017, waliona timu zikipangwa hivyo hivyo: zinajumlishwa nafasi za wakimbiaji wanne bora wa kila nchi, na jumla ndogo inabeba kombe.

Jambo la kushika ni kwamba nafasi haijali umeshinda kwa umbali gani. Joshua Cheptegei alichukua dhahabu ya mita 10,000 kule Paris 2024 kwa 26:43.14, Mwethiopia Berihu Aregawi akafuata na 26:43.44. Hata angemwacha kwa dakika nzima, dhahabu ingebaki ile ile. Rafiki yako aliposhinda kwa mbali, ule umbali wote haukumletea kitu. Alipata 1 tu. Alipoangukia nafasi ya 9, kila mwanamke aliyempita alimwongezea alama.

Ndiyo maana nakuambia bila kusita: hangaika na udhaifu. Ukitoka nafasi ya 2 kwenda ya 1 umepunguza alama moja, na hiyo moja utaitolea jasho la miezi. Ukitoka ya 9 kwenda ya 5 umepunguza nne. Na katikati ya orodha watu wamebanana sana, kujivuta mara tatu au nne zaidi kunaweza kukuvusha watu watano kwa mpigo.

AfandeBombo
Nakubaliana na kocha kuhusu mashindano hayo, lakini nnyabo usidhani kila mahali ni hivyo. Kwenye CrossFit Games zenyewe, yaani fainali za dunia za mchezo huu, alama zinakwenda kinyume: anayeshinda zoezi hupewa 100, wanaofuata pungufu, na mwenye jumla kubwa ndiye bingwa.

Jedwali la alama likishuka kwa hatua sawa, tuseme 100, 95, 90, 85 na kuendelea, mpangilio wa akina dada hao haubadiliki: bingwa 365, wa pili 350, rafiki yako 325. Sasa chukua jedwali lenye pengo pana juu. Hili nalitunga mwenyewe kwa mfano: 100, 85, 75, 70, 66, 63, 61, 60, 59. Piga hesabu upya. Rafiki yako 319, bingwa 315, wa pili 296. Wanawake wale wale, jasho lile lile, na kombe limehama nyumba!

Mimi naona jedwali la namna hii lina haki yake, kwa sababu kushinda zoezi ni kazi kubwa na lazima kulipwe. Kocha anaweza kunipinga. Ila ukweli ni kwamba mwandaaji anapochagua jedwali anakuwa amechagua aina ya bingwa anayemtaka. Omba jedwali kabla hujalipa ada.

KochaJinja
Afande, hesabu yako imesimama na nimeirudia kwa kalamu. Lakini sikubali kwamba ni haki zaidi. Mchezo huu unamtafuta mtu anayeweza kila kitu. Aliyekuwa wa 9 na wa 8 kati ya wanawake wachache, ana mashimo mawili.

AfandeBombo
Na ambaye hajaongoza hata zoezi moja, tumwite bingwa wa nini? Tuliache hapo, kocha, tusimchoshe dada.

MwamuziArua
Ninyi mmeeleza jumla. Mimi husimama na karatasi ya kuhesabu, kwa hiyo niseme yanayotokea ndani ya zoezi lenyewe, kwa sababu huko ndiko alama nyingi zinakopotelea.

Mazoezi ya uzito ni mepesi kueleza: kilo nyingi zinashinda, na tofauti na unyanyuaji wa Olimpiki, hakuna makundi ya uzito wa mwili. Yale ya kuhesabu marudio ndani ya muda uliopangwa pia hayana shida. Mfano maarufu ni Cindy: dakika 20, unajivuta mara 5, pushapu 10, skwati 15, unazunguka hadi muda uishe. Ukimaliza raundi 14 na marudio 18 ya raundi inayofuata, utaandikiwa 14+18, au 438 ukizigeuza, maana raundi moja ina marudio 30. Uwe unajua uko raundi ya ngapi hata kama mimi nipo nahesabu.

Pagumu ni mazoezi ya kukimbizana na saa yenye kikomo. Tuseme zoezi lina marudio 120 na kikomo ni dakika 12. Anayemaliza anaandikiwa muda wake. Aliyefika 113 mlio ukalia, wapo wanaomwandikia 12:07, yaani sekunde moja kwa kila rudio lililobaki. Wengine wanaandika marudio tu na kumweka nyuma ya wote waliomaliza. Vyovyote iwavyo, dakika ya mwisho usisimame kupumua. Rudio moja linaweza kuwa nafasi tatu.

Kuna pia muda wa kuvunja sare. Zoezi linaweza kusema: andika saa mtu alipomaliza sehemu ya pili. Wawili wakifungana kwa marudio, aliyepita hapo mapema yuko mbele. Nimeona wanariadha wazuri wakipumzika hatua moja kabla ya kufika hapo. Maliza sehemu hiyo kwanza, pumua baadaye.

Mwisho, rudio lisilotimia. Kwenye skwati nyonga ishuke chini ya goti na mwishoni usimame wima. Kwenye kujivuta kidevu kipite juu ya bomba. Nikisema hapana, nguvu umeshatumia na hesabu haijasogea. Usibishane nami saa inapokwenda. Rekebisha, endelea, na ukiona nimekosea mwone mwamuzi mkuu kabla hujatia sahihi karatasi yako. Ukishatia sahihi umekubali.

NetiboliNtinda
Asanteni mno, nimesoma hadi usiku. Swali moja limebaki. Fomu inauliza Rx, yaani zoezi kama lilivyoandikwa, au skeldi, yaani lililopunguzwa ugumu. Uzito wa Rx naumudu vizuri. Kujivuta ninaweza moja moja, nikiunganisha nyingi ni tatu. Nichague ipi?

MamaMapachaMbarara
Mdogo wangu, mimi nilishindana Rx baada ya uzazi, nikiwa na wasiwasi kama wako.

Kwanza tofautisha. Kwenye Open ya mtandaoni, aliyefanya hata rudio moja la Rx hupangwa juu ya wote wa skeldi, ndiyo maana huko wengi hujaribu Rx hata kwa tabu. Mashindano ya ukumbini kwa kawaida yanatenganisha makundi, kila kundi na washindi wake, kwa hiyo hakuna faida ya kujining'iniza kwa jina la Rx tu.

Tazama kujivuta kumewekwa wapi. Kukiwa mwanzoni mwa zoezi na ni kwingi, utakwama pale bomba likiwa mikononi na zile nondo unazozipenda hutazigusa kabisa. Kukiwa mwishoni, utakuwa umeshapita watu kwa nguvu zako, na zile moja moja zitatosha. Kwa kuwa uzito unaumudu, mazoezi yakishatangazwa na kujivuta kuko mwishoni au kidogo, nenda Rx. Kukiwa mwanzoni katika mazoezi mawili kati ya manne, nenda skeldi mwaka huu bila aibu.

Kwenye hiyo Rx, jivute moja moja tangu rudio la kwanza. Usiunganishe tatu eti kwa kuwa mkono haujachoka. Shuka, pumzi moja, panda tena. Utawaona walioanza kwa kishindo wakikutazama kutoka chini.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kunyanyua: zoezi la uzito wa juu kabisa, nondo ya kwanza chagua ile unayoweza kuinua hata ukiwa na homa. Ukikosa zote unaandikiwa sifuri na kwenda mkiani, kwenye zoezi ambalo lingekupa alama ndogo kuliko yote.

NetiboliNtinda
Nimeelewa, dada mkubwa. Kesho naanza na moja moja. Jedwali la alama nimeshamwandikia mwandaaji kuliomba, akijibu nitaliweka hapa afande alipigie hesabu.